Klara wa Assisi: mwanamke aliyepigania haki ya kutomiliki kitu

Sanamu za Mtakatifu Klara wa Assisi humtambulisha kwa monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Ameiinua mbele ya kifua, macho yameelekea juu, na pale mchoraji alipopata nafasi, askari wanatimua mbio chini ya miguu yake. Wengine wanamjua kwa jambo la ajabu zaidi. Tangu 1958 yeye ni msimamizi wa televisheni, kwa tamko la Papa Pius XII, kwa kuwa usiku mmoja wa Noeli, akiwa hoi kitandani, inasemekana aliona na kusikia ibada iliyokuwa ikiendelea katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, mbali na alipolala. Na hata wasioyajua hayo mawili wanajua kwamba alikuwa "yule wa Fransisko".

Mimi ningempa kitu kingine mkononi: kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa Kilatini na kutiwa muhuri wa Papa. Tarehe 9 Agosti 1253 Papa Inosenti IV alithibitisha kanuni ya maisha ambayo Klara mwenyewe aliitunga kwa ajili ya masista wake. Tarehe 11 Agosti Klara akafariki. Kati ya usiku alipotoroka kwao na siku alipoipata hati hiyo ilipita miaka 41, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kubishana na wakubwa wa Kanisa juu ya suala moja ambalo leo linaonekana dogo. Alitaka ruhusa ya kisheria ya kutokuwa na mali. Asiwe na mashamba, asiwe na mapato, asiwe na akiba, na asiwepo mtu wa kumlazimisha kupokea chochote.

Kwa kawaida tunamsifu kwa ufukara wake kama tunavyosifu upole au uvumilivu, yaani tabia njema ya moyo. Naona tunamkosea. Ufukara wa Klara ulikuwa msimamo wa kisheria na kisiasa, ulioshikiliwa na mtu aliyejua vizuri sana mali ilikuwa inafanya nini kwa wanawake wa zama zake.

Alijua kwa sababu alitoka upande wa wenye nayo. Alizaliwa 1193 au 1194 katika ukoo wa makabaila wa Assisi, binti ya Favarone wa Offreduccio na Ortolana, nyumba yao ikiwa karibu kabisa na kanisa kuu la Mtakatifu Rufino. Mji ule ulikuwa unachemka. Mwaka 1198 wananchi waliibomoa ngome ya mfalme iliyokuwa kilimani juu ya mji, kisha wakawageukia makabaila na nyumba zao za minara. Familia kadhaa za kikabaila, ya Klara ikiwemo, zilikimbilia Perugia, mji jirani uliokuwa adui wa Assisi. Mwaka 1202 miji hiyo miwili ikapigana huko Collestrada, na miongoni mwa mateka wa Assisi alikuwemo kijana wa mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Fransisko. Kwa hiyo hawa wawili tunaowaweka pamoja kwenye madirisha ya makanisa walianza wakiwa pande mbili za vita moja. Vita yenyewe ilihusu nani anamiliki nini na nani anamtawala nani. Ukilisahau hilo, mengine yote yaliyofuata yanageuka hadithi ya kijana mpole na binti mpole waliopenda ndege.

Usiku wa Jumapili ya Matawi, mwaka ambao wengi wanauweka kuwa 1212, Klara alitoka nyumbani kwa siri akashuka bondeni hadi kikanisa cha Porziuncola. Fransisko na ndugu zake wa utawa walikuwa wakimngoja na mienge. Wakamkata nywele, akavaa kanzu ya kifukara, na kabla ya kupambazuka akapelekwa kwenye monasteri ya Wabenedikto ya San Paolo huko Bastia. Jamaa zake walipokuja kumchukua, alishika vitambaa vya altare, akafunua kichwa kilichonyolewa. Wakaondoka. Siku chache baadaye, alipokuwa amehamia Sant'Angelo wa Panzo, mdogo wake Agnes naye alimfuata. Safari hii ami yao Monaldo alikuja na watu na hasira, akataka kumburuta binti kwa nguvu. Simulizi zinasema mwili wa msichana ulikuwa mzito kiasi cha kushindikana kubebwa.

Tukio la kutoroka limechorwa mara nyingi. Lile ninaloliona kubwa zaidi halichoreki vizuri, nalo ni kuuza urithi. Mmoja wa masista waliotoa ushahidi baada ya kifo chake alieleza kwamba Klara alipoamua kuuza sehemu yake, jamaa zake walitaka kuinunua kwa bei kubwa kuliko wanunuzi wengine. Akawakatalia. Akawauzia watu wengine, akagawa fedha kwa maskini. Jamaa wanaotoa bei ya juu hawakuwa wanapendelea hasara. Walitaka ardhi ibaki ndani ya ukoo, na pamoja na ardhi, neno la mwisho juu ya binti. Klara alilielewa jambo hilo akiwa na umri wa miaka 18 hivi.

Hapa inabidi tueleze monasteri ya wanawake ilikuwa chombo cha aina gani. Binti wa kikabaila alipoingia utawa alikuja na mali, kama mahari ila inayotolewa na upande wa binti: shamba, kinu, fedha, pango la nyumba fulani mjini. Kwa mali hiyo monasteri iliishi. Lakini mali inataka msimamizi, na watawa waliofungiwa ndani ya kuta hawawezi kwenda kukagua mavuno wala kusimama mahakamani. Basi wanakuwepo mawakili, wapangaji, askofu anayekagua hesabu, na ukoo uliotoa shamba ambao unatazamia kwamba abesi ajaye, yaani mkuu wa monasteri, atatoka kwao. Binti asiye na kitu hakupokelewa, au alipokelewa kama mtumishi wa wale waliokuja na kitu. Ndani ya monasteri ukakuta ngazi zilezile za mjini. San Paolo, ile nyumba ya kwanza alikopelekwa Klara, ilikuwa tajiri na yenye ulinzi wa Kanisa. Hakukaa.

Alipofika San Damiano, kikanisa ambacho Fransisko alikuwa amekikarabati kwa mikono yake nje kidogo ya mji, alianza kitu tofauti. Dada zake Agnes na Beatrice, mama yake Ortolana baadaye, marafiki wa utotoni waliokuwa naye Perugia, na wasichana wasio na jina kubwa, wote waliishi kwa kazi za mikono na kwa sadaka walizoletewa na ndugu wa Fransisko. Hakukuwa na mahari. Hakukuwa na shamba la kugombaniwa. Mtu akitaka kuwatawala asingepata pa kushika.

Kanisa halikuwa tayari kwa hilo. Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215 ulikataza kanuni mpya za utawa, na kila jumuiya mpya ikatakiwa kuchagua kanuni iliyokwisha kukubaliwa. Klara akalazimika kubeba cheo cha abesi, ambacho hakukipenda. Mnamo 1218 na 1219 Kardinali Hugolino, mtu mwenye bidii na nia safi kwa kila tunachojua, aliandika katiba kwa ajili ya jumuiya nyingi za wanawake zilizokuwa zikichipua Umbria na Toscana. Katiba hiyo ilisimama juu ya kanuni ya Mtakatifu Benedikto na kuwawekea ugo mkali, yaani kutotoka nje ya kuta. Haikusema neno juu ya ufukara wa jumuiya. Hugolino alikuwa anatengeneza mfumo, na katika mfumo wake San Damiano ilikuwa nyumba mojawapo tu.

Mwaka 1227 Hugolino akawa Papa Gregori IX. Mwaka uliofuata alikwenda Assisi kumtangaza Fransisko mtakatifu, akamtembelea Klara. Alimshauri apokee mali kidogo, kwa sababu ya hatari za nyakati, na akajitolea kumpa yeye mwenyewe. Klara akakataa. Papa akadhani amekwama kwenye nadhiri, akamwambia kama ni nadhiri, nakufungua. Jibu lililohifadhiwa na mwandishi wa kwanza wa maisha yake ni hili: Baba Mtakatifu, sitaki kamwe kufunguliwa nisimfuate Kristo.

Lisome tena jibu hilo kwa jicho la mwanasheria. Papa alikuwa ameleta mamlaka yake kuu kabisa, ile ya kufungua na kufunga. Klara hakuipinga. Alibadilisha tu kilichokuwa kinafunguliwa. Ikiwa ufukara ni sharti fulani la nidhamu, Papa anaweza kuliondoa. Ikiwa ni kumfuata Kristo, hakuna Papa atakayekubali kuandikwa kwamba aliuondoa. Tarehe 17 Septemba 1228 Gregori akatoa hati inayoitwa Haki ya Ufukara, ambayo bado inahifadhiwa Assisi, ikisema masista hao wasilazimishwe na yeyote kupokea mali. Ofisi ya Papa ilizoea kutoa hati za kulinda mali za watawa. Hii ililinda kukosa mali. Naamini makarani walioiandika waliisoma mara mbili.

Miaka miwili baadaye likaja jambo lingine, na hapa tunamwona Klara akiwa na ukali ambao sanamu zimemnyang'anya. Septemba 1230 Gregori alitoa tafsiri ya kanuni ya Fransisko, ambayo ndani yake ndugu walikatazwa kuingia katika monasteri za wanawake bila kibali cha Papa. Maana yake, ndugu waliokuwa wakienda San Damiano kuwahubiria masista wangesimama. Wale wa kuwaletea mkate wangeendelea. Klara akawafukuza wote, pamoja na wale wa mkate. Kama ametunyima wanaotupa chakula cha roho, alisema, basi awachukue pia hawa wa chakula cha mwili. Ilikuwa ni mgomo wa njaa wa jumuiya nzima, dhidi ya Papa, uliofanywa na wanawake waliofungiwa ndani. Gregori aliposikia, alirudisha uamuzi mikononi mwa mkuu wa ndugu.

Watu wa mahubiri huwa wanalitaja tukio hili haraka kama mfano wa kupenda Neno la Mungu. Ni kweli. Lakini pia ni mfano wa mtu asiye na cheo chochote cha kumwezesha kuamuru, anayejua hasa ni kitu gani kitamwaibisha mkubwa wake. Papa aliyemtangaza Fransisko mtakatifu hangeweza kuonekana anawaua kwa njaa mabinti wa Fransisko. Klara alilihesabu hilo.

Wakati huo Fransisko mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, tangu Oktoba 1226. Klara aliishi miaka 27 baada yake, na ndipo hoja ya kwamba alikuwa kivuli chake inapoanguka. Ndiyo, alijiita mche mdogo wa Fransisko, na sioni sababu ya kudhani alikuwa anaigiza. Lakini angalia alivyolitumia jina hilo. Ndugu wa Fransisko walikuwa wanapokea majengo, vyuo na vibali vya kulegeza kanuni. Mwanzilishi aliyekufa aligeuka mali ya pamoja na kila upande ulimnukuu. Klara alishika maneno mawili mafupi ambayo Fransisko aliwaandikia masista wa San Damiano, likiwemo la kuwasihi wasiuache ufukara kwa fundisho au shauri la mtu yeyote, akayaweka katikati kabisa ya kanuni yake. Aliyekuja kumlegeza ilibidi kwanza abishane na mtakatifu. Unyenyekevu wake ulikuwa na meno.

Vita hiyo haikubaki Umbria. Agnes wa Praha, binti ya Mfalme Ottokar I wa Bohemia, alikataa kuolewa na Kaisari Frederick II akaanzisha hospitali na monasteri mjini Praha. Klara alimwandikia barua nne kati ya 1234 na 1253, na ni katika barua hizo tunamsikia akizungumza kwa raha, kwa lugha ya kioo na ya arusi, kwa mwanamke anayemwona sawa naye. Katika barua ya pili anampa shauri la kisiasa: afuate ushauri wa Ndugu Elia, mkuu wa Wafransisko, na mtu mwingine akimwambia vinginevyo, ampe heshima yake lakini asimfuate. Mtu huyo mwingine hakutajwa. Wasomaji wengi wamemwona Gregori IX nyuma ya sentensi hiyo, nami nakubaliana nao, maana mwaka 1238 Agnes alipoomba kibali cha kufuata kanuni inayotokana na maandiko ya Fransisko, Papa alimjibu kwamba yale ya Fransisko yalikuwa maziwa ya watoto wachanga, na kwamba katiba yake yeye ndiyo chakula kigumu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, lakini, Agnes alikuwa amekwisha kuipata haki ya ufukara kwa ajili ya Praha. Wanawake hawa walipoteza hoja moja na kushinda nyingine, na hawakuchoka.

Kuna upande wa Klara ambao sitaki kuufunika. Alijinyima chakula kwa namna iliyowatisha waliomzunguka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hakula kitu, hadi Fransisko na askofu wa Assisi wakamwamuru ale walau kipande kidogo cha mkate kila siku. Masista wake waliamini kwamba mfungo huo ndio uliomvunja mwili, na kuanzia mnamo 1224 alikuwa mgonjwa wa kitandani hadi kufa, karibu miaka 29. Wapo wanaosoma hapo utakatifu mtupu, na wapo wanaosoma ugonjwa mtupu. Ninachoona ni kwamba alijifunza. Katika barua ya tatu kwa Agnes anamzuia asifanye alichokifanya yeye: miili yetu si shaba, anamwambia, wala nguvu zetu si za jiwe, punguza. Na kanuni yake kwa wagonjwa, kwa vijana na kwa wanaotumika nje ina huruma kuliko katiba za makardinali. Kitandani kwake alisokota na kushona korporali, vile vitambaa vya altare, za kugawia makanisa ya maskini, akiinuliwa na kuegemezwa mgongo. Bado, mtu anayemtolea mfano leo mbele ya wasichana inabidi amtolee pamoja na barua hiyo ya tatu.

Na wale askari wa kwenye sanamu? Mwaka 1240 jeshi la Kaisari Frederick II lilipita Umbria, na ndani yake walikuwemo askari Waislamu wa kaisari huyo. Baadhi waliingia katika ua wa San Damiano. Masista walioshuhudia wanasema Klara alijikongoja hadi mlangoni, akaomba aletewe kisanduku kidogo chenye Ekaristi, akalala kifudifudi, akasali kwa machozi. Askari wakaondoka. Hakuna monstransi, hakuna kuinua kitu juu ya ukuta. Hayo waliyaongeza wachoraji. Wachoraji hao pia wamefanya tukio lisomeke kama ushindi wa Ukristo dhidi ya Uislamu, na baadhi ya wahubiri wetu wanalirudia hivyohivyo. Vita ile ilikuwa kati ya Papa na kaisari Mkristo aliyebatizwa, na wale askari walikuwa wakilipwa na huyo Mkristo. Mwaka mmoja baadaye Assisi ilizingirwa tena na Vitale wa Aversa, kamanda wa kaisari huyohuyo, na hadi leo mji unaadhimisha kila tarehe 22 Juni kuokolewa kwake kutoka mikononi mwa kamanda huyo. Klara aliwaombea wote waliokuwa ndani ya kuta, na hakuacha neno la chuki juu ya waliokuwa nje.

Turudi kwenye hati. Mwaka 1247 Papa Inosenti IV aliandika kanuni nyingine kwa wanawake hawa. Iliwaunganisha na Wafransisko, jambo walilolitaka, lakini iliruhusu waziwazi kupokea mali na kuishi kwa mapato yake. Mapokezi yalikuwa mabaya kiasi kwamba Papa mwenyewe baadaye aliacha kuilazimisha. Hapo Klara akachukua hatua ambayo hakuna mwanamke anayejulikana kuichukua kabla yake. Aliandika kanuni yake mwenyewe.

Si kitabu kikubwa. Sehemu nyingi alizichukua kutoka kanuni ya Fransisko ya 1223 na nyingine kutoka kwa Benedikto na Hugolino, akizigeuza hapa na pale. Lakini mageuzi yenyewe yanazungumza. Abesi anachaguliwa na masista wote, na wakiona hafai, wanaweza kumwondoa. Angalau mara moja kwa juma anawaita wote kushauriana juu ya mambo ya nyumba, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo kabisa lililo bora. Deni kubwa halikopwi bila ridhaa ya wote. Ardhi ni ile tu inayohitajika kwa faragha ya nyumba na bustani ya mboga. Katika sura ya sita anasimulia kwa nafsi ya kwanza jinsi Fransisko alivyowapokea, kitu kigeni kabisa katika maandishi ya kisheria, kana kwamba anaweka ushahidi wake ndani ya sheria yenyewe.

Kardinali Rainaldo, mlinzi wa masista, alithibitisha Septemba 1252. Klara hakuridhika na kardinali, alitaka Papa. Inosenti IV alikuwa Assisi majira ya kiangazi ya 1253, akaja kumwona akiwa kufani. Kwenye hati ya 9 Agosti kuna maneno mafupi aliyoyaandika kwa mkono wake, akisema ifanyike hivyo, kwa sababu anazozijua yeye na kardinali mlinzi. Hakuzitaja sababu. Nyuma ya ngozi mtu mwingine ameandika kwamba Klara aliigusa na kuibusu mara nyingi. Baadaye hati ilipotea machoni pa watu kwa karne kadhaa, hadi ilipopatikana 1893 Assisi ikiwa imefungwa ndani ya vazi lake.

Uchunguzi wa utakatifu wake ulifanyika Novemba 1253, masista 15 wakitoa ushahidi mmoja baada ya mwingine mbele ya Askofu Bartolomeo wa Spoleto. Mwaka 1255 akatangazwa mtakatifu na Papa Aleksanda IV, ambaye ndiye yule Kardinali Rainaldo. Miaka minane baada ya hapo, 1263, Papa Urbano IV aliziunganisha jumuiya hizi zote chini ya jina moja, Shirika la Mtakatifu Klara, na akazipa kanuni mpya. Kanuni hiyo iliruhusu mali. Monasteri nyingi ziliipokea. Kwa hiyo shirika lilipata jina la Klara mwaka uleule lilipoiacha sheria yake, na ilibidi Koleta wa Corbie, Mfaransa aliyefariki 1447, aanze upya kuwarudisha watawa kwenye kanuni ya 1253. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi taasisi inavyoweza kumtukuza mtu na kumpuuza kwa wakati mmoja, tena bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Maana mapapa hawa hawakuwa waovu. Hoja yao ilikuwa nzito. Ndugu wa Fransisko waliweza kutembea kijiji hadi kijiji wakifanya vibarua na kuomba. Wanawake wa ndani ya ugo hawakuweza. Mwaka wa njaa ukija, nani atawalisha? Klara hakuwa na jibu zaidi ya kutegemea sadaka na wale ndugu, na utegemezi huo una uchungu wake: aliyewakwepa wajomba na maaskofu wa mashamba alibaki akimhitaji ndugu mwenye kapu mlangoni. Mapapa, hata hivyo, walisahau kwamba ule ugo waliuweka wao. Waliwafungia wanawake ndani, kisha wakasema kwa kuwa mmefungiwa, lazima mmiliki mashamba. Klara alipokea ufungo na kukataa hitimisho. Tunaweza kuuliza kama angefanya vizuri zaidi kuupinga ufungo wenyewe. Mimi naona alichagua vita aliyoweza kuishinda.

Waklara wana monasteri katika nchi zetu za Afrika Mashariki pia, lakini watawa tunaokutana nao kila siku ni wa mashirika ya kitume: wanaendesha shule, zahanati, mashamba ya kuku, hosteli. Kuwaambia hao waige ufukara wa Klara kwa kuuza basi la shule ni kuwadhihaki. Swali lake lakini linawahusu moja kwa moja, na si wao tu. Mfadhili akitoa jengo, anatoa na nini kingine? Familia ya kitajiri ikijenga kanisa la kigango, nani atakaa katika kamati miaka kumi ijayo? Jimbo likishika akaunti ya shirika la masista, mama mkuu anabaki na uamuzi gani? Klara alikuwa na mazoea ya kuuliza hivyo kabla ya kusema asante, na naona ni mazoea tuliyoyapoteza hata tunaposherehekea sikukuu yake tarehe 11 Agosti.

Mjadala wenyewe, kwa upande wa watawa wa ndani, haujafungwa. Mwaka 2016 Papa Fransisko alitoa hati ya Vultum Dei Quaerere juu ya monasteri za wanawake, na 2018 Roma ikafuatisha maelekezo ya Cor Orans. Kwa kawaida kila monasteri inatakiwa kuingia katika shirikisho, na nyumba ikibaki na watawa watano wenye nadhiri za daima inapoteza haki ya kujichagulia mkuu. Waliotetea maelekezo hayo wanataja nyumba zilizozeeka na wasichana wanaopokelewa bila malezi ya kutosha, na wana haki. Waliolalamika, wakiwemo baadhi ya Waklara, wanasema uhuru wa kila nyumba unaliwa kidogo kidogo kwa jina la msaada. Pande zote mbili zinamnukuu Klara. Ni vema basi waisome pia sura ya nne ya kanuni yake, ile ya baraza la kila juma, kabla ya kuamua nani anayeketi mezani.